Shule ya kutwa haina kitanda: kuhusu hizi "skolashipu za kikapu" za Marekani

Wiki iliyopita nimeamka nikakuta voisi noti ya dakika 4 kutoka kwa shangazi yangu wa Mwanza. Kijana wa jirani yake ana futi 6 na inchi 6, kamaliza fomu two, na kuna mtu anajiita ajenti kamwambia atampatia skolashipu ya kikapu kwenye shule binafsi ya kutwa huko California, kinachotakiwa ni milioni 3 tu za kuanzia mchakato. Shangazi akamalizia, "Sasa mwanangu, we si ndo unafanya kazi kwenye hizo shule, hii kitu ni ya kweli?"

Ni kweli nafanya kazi huko, mwaka wa 9 huu, niko ofisi ya ushauri wa masomo na nusu ya wanafunzi ninaowafuatilia ni wanamichezo. Shangazi nilimjibu kwa simu ila naona niandike na hapa, maana hii voisi noti si ya kwanza, kila mwaka ikifika mwezi wa 5 zinaanza kuingia.

Hizi shule wanaziita college prep, yaani kazi yake ni kumwandaa mtoto aingie chuo kikuu kizuri. Nyingi ni za kutwa, na ni kutwa ileile unayoijua wewe, asubuhi unakuja jioni unarudi kwenu, hakuna bweni, hakuna matroni, hakuna foleni ya uji. Chukua Harvard-Westlake ya Los Angeles, jina lisikuchanganye, haihusiani na chuo cha Harvard. Ilizaliwa 1991 shule mbili zilipoungana, moja ya wavulana ya tangu 1900 na nyingine ya wasichana ya 1904. Ina wanafunzi kama 1,600, darasa la 7 mpaka la 12, na ada yake ni kama dola 50,000 kwa mwaka. Hiyo hela ni ya kusoma. Kulala utajua mwenyewe.

Na kwenye michezo hao jamaa si wa mchezo. 2012 timu yao ya besiboli ilikuwa na warushaji watatu kwenye kikosi kimoja, Max Fried, Lucas Giolito na Jack Flaherty. Fried akachukuliwa namba 7 kwenye drafti (pale timu za ligi kuu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu) ya mwaka huohuo, Giolito namba 16, Flaherty alikuwa bado mdogo akaja kuchukuliwa 2014, halafu siku ya ufunguzi wa ligi kuu 2021 wote watatu ndio walioanza kurusha, kila mmoja kwa timu yake. Kwenye kikapu wapo mapacha Jason na Jarron Collins, walitoka hapo wakaenda Stanford, kisha 2001 wakaingia NBA wote wawili. Sasa mtu akisikia hivyo anasema aah, hawa wananunua wachezaji. Ila angalia hao warushaji walikotoka, ni watoto wa palepale Los Angeles na vitongoji vyake, mazoezi yakiisha wanaenda kula kwao. Hata Fried aliyehamia mwaka wake wa mwisho, alihama kwa sababu shule yake ya mwanzo, ambayo nayo ilikuwa ya mjini hapohapo, ilifuta michezo.

Hapa ndipo ajenti wa shangazi anapoanza kuyumba. Michezo ya shule za sekondari California inasimamiwa na chama kinaitwa CIF, na kwa CIF shule hairuhusiwi kumpa mtoto skolashipu kwa sababu anajua mpira. Marufuku. Kumfuata mtoto na kumshawishi ahamie kwako ili akuchezee, nako ni kosa, timu inaweza kunyang'anywa ushindi. Kinachoruhusiwa ni msaada wa ada unaotolewa kwa kuangalia kipato cha familia: mzazi anajaza fomu, anaambatanisha hati za kodi, kamati inakaa. Mtoto wa futi 6 na inchi 6 na mtoto anayepiga fidla wanajaza fomu ileile. Ndio, kuna ujanja unaofanyika, sijazaliwa jana, kocha anajua kusalimiana na mzazi kwenye mashindano ya klabu wakati wa kiangazi, lakini barua yenye maneno "skolashipu ya kikapu" kutoka shule ya kutwa ya huku ni barua ambayo shule yenyewe ingeogopa kuiandika.

Halafu viza. Shule binafsi iliyosajiliwa inaweza kumpa mwanafunzi wa nje fomu ya I-20 ili aombe viza ya mwanafunzi, wanaiita F-1, hilo ni kweli. Lakini fomu hiyo inataka uonyeshe hela ya ada na ya kuishi, vyote viwili. Kwa hiyo hata kama shule ingemsamehe ada yote, bado swali linabaki palepale, huyu mtoto wa miaka 16 analala kwa nani, nani anampeleka hospitali, nani anampikia. Nimeshakutana na kijana mmoja (simtaji, wala shule aliyopitia siitaji) aliletwa kwa ahadi hizihizi, akawa anahamishwa nyumba kila baada ya wiki chache, analala kwenye kochi la msaidizi wa kocha, na mwisho masomo yakamshinda. Alikuwa anasinzia mpaka kwenye somo la kuchora.

Maana mtu wa nje haelewi ratiba zetu zilivyo. Siku ya mechi ya ugenini basi linaondoka saa 8 kasoro mchana, kipindi cha mwisho hakijaisha, na foleni ya barabara ya 101 mnaijua wenyewe mliopo huku. Mwezi wa kwanza (soka huku California ni mchezo wa msimu wa baridi, sijazoea mpaka leo) nilipanda basi na timu ya wasichana, pembeni yangu kipa ameegemeza mguu kwenye kiti cha mbele, anafunga bandeji kifundo cha mguu, bandeji kaing'ata kwa meno, na kwenye paja ana karatasi ya hesabu za kalkulasi anazotakiwa kukabidhi kesho yake saa 2 asubuhi. Tulirudi saa 3 usiku. Mama yake alikuwa anamsubiri kwenye gari na chakula kwenye hotpoti. Sasa mtoa huyo mama kwenye picha uone.

Tukija kwenye chuo, ambako ndiko skolashipu za michezo zilipo kwelikweli. Divisheni ya kwanza, yaani ya juu kabisa, ya NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo) inataka masomo 16 ya msingi na wastani usiopungua 2.3 kati ya 4, na 10 kati ya hayo yawe yamekamilika kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari, 7 yakiwa Kiingereza, hesabu au sayansi. Saa inaanza kuhesabu darasa la 9, mihula 8 basi. Ajenti anapokwambia mtoto arudishwe darasa moja nyuma "ili akue kimwili", saa haimsubiri, tena darasa la 9 la Marekani kwa hesabu ya miaka ni kama fomu two ya kwetu, kwa hiyo huyu wa Mwanza tayari yuko ndani ya hesabu. Matokeo yake ya huko nyumbani yataangaliwa. Na cha kuchekesha, wengi wa wanamichezo wangu hawaendi hata huko kwenye skolashipu, wanaenda vyuo vya Ivy (kundi la Harvard, Yale na wenzao) au divisheni ya tatu ambako skolashipu za michezo hazipo kabisa, kocha anachofanya ni kuwasukumia jina kwenye ofisi ya udahili.

Kwa hiyo nilimwambia shangazi asibishane na mtu. Amuulize ajenti vitu vitatu kwa meseji, sio kwa simu: jina la shule na la mtu wa udahili nimpigie mimi mwenyewe, I-20 itaonyesha nani analipa nini, na mtoto atalala nyumba ya nani mtaa gani.

Shangazi alituma jioni ileile. Tiki mbili za bluu, leo siku ya 6.