Lebo nyekundu naiamini mwisho: jinsi ninavyotafuta taipu za wadudu

Jana nimeshinda na panzi mmoja tu. Mdogo, hana mabawa, katungwa kwenye pini ya zamani, mguu mmoja wa nyuma umekatika na mtu fulani kaugundisha pembeni kwenye kikadi, alafu chini yake kuna lebo tatu na moja ni nyekundu, imeandikwa Typus. Mgeni angesema kazi imeisha, taipu hiyo hapo. Mimi lebo nyekundu ndo huwa naiamini mwisho kabisa.

Taipu ni yule mdudu mwenyewe aliyekuwa mezani kwa mwandishi siku anampa spishi jina, jina limefungwa pale, tukibishana miaka 100 baadaye tunarudi kwake. Shida ni kwamba watu wa zamani walikuwa wanaandika kutokana na wadudu hata kumi bila kumteua mmoja, hao wote tunawaita sintaipu, na lebo nyingi za rangi zilibandikwa baadaye sana na wasimamizi wa makumbusho waliokuwa wanakisia. Ukitaka leo kumteua mmoja awe lektotaipu lazima utamke wazi kwenye chapisho kwamba unamteua, kanuni ya kimataifa inadai hivo kwa chochote kilichochapishwa baada ya 1999.

Kwahiyo mi naanza na lebo ya mahali, na hapa ndo sisi tuliokulia huku tuna faida kubwa kweli. Chukua mfano wa msafara wa Yngve Sjöstedt, Mswidi, aliyekusanya Kilimanjaro na Meru 1905 hadi 1906, mzigo wake upo makumbusho ya Stockholm. Lebo inasema Kibonoto. Ukitafuta Kibonoto kwenye ramani ya leo hupati kitu, ila mtu wa Moshi ukimsomea kwa sauti anakwambia papo hapo, si Kibong'oto hiyo! Pembeni imeandikwa "kulturz.", ni Kijerumani, ukanda wa mashamba, yaani vihamba vya Wachaga na migomba yao, sio msitu wa juu. Nyingine inasema Ngare na nyuki, upande wa Meru, wala hakuna habari ya nyuki pale, ni Kimaasai, maji mekundu.

Sansibar je? Hiyo ichunge sana. Karne ya 19 mizigo mingi ya bara ilipakiwa melini Unguja, kwahiyo mdudu wa huko ndani kabisa anaweza kufika Ulaya na lebo ya Sansibar na hajawahi kuishi kisiwani hata siku moja.

Kwa hawa panzi wasio na mabawa jambo hili ni zito mno. Jenasi ya Parasphena kwa mfano, yaani kundi la spishi zenye undugu, hawawezi kupaa angani, wengi wamebaki kila kundi na mlima wake, ukikosea mlima mara nyingi umeshakosea spishi.

Baada ya mahali naenda kwenye maelezo ya kwanza yaliyochapishwa. Alikuwa dume au jike? Urefu milimita ngapi? Mwandishi anataja wangapi? Mwandiko wa lebo ya jina unafanana na mwandiko wake kwenye wadudu wengine ambao tuna uhakika nao? Hii ya mwandiko inakula muda, napiga picha herufi kubwa moja moja nazipanga pamoja kwenye skrini, hasa K na M.

Sasa panzi wangu wa jana. Maelezo ya kwanza yanataja jike, kutoka Meru peke yake. Nikamgeuza chini ya hadubini nikaangalia ncha ya tumbo: dume. Lebo ya mahali: Kibonoto. Hawezi kuwa yeye, hata ile lebo nyekundu ing'ae vipi. Sikuitoa lakini, lebo ya zamani haitolewi kamwe maana nayo ni ushahidi, nimeongeza yangu chini yake, "si taipu", jina langu na mwaka, nikamrudisha kwenye droo. Yule jike wa Meru bado namtafuta, zimebaki droo mbili.