Fedha za 529 na ada ya chuo kwenye ritani: dola moja ya ada haihesabiwi mara mbili

Mwishoni mwa Januari, mzazi mwenye mtoto chuoni hapa Marekani hutegemea kupata fomu mbili. Ya kwanza ni 1099-Q, inayotoka kwa wanaotunza akaunti yake ya akiba ya elimu, ile ya 529, nayo huonyesha fedha zilizotolewa mwaka uliopita. Ya pili ni 1098-T kutoka chuoni: ada iliyopokelewa na ufadhili aliopewa mwanafunzi. Nakala za fomu zote mbili hupelekwa IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani.

Wengi wanaokuja kwetu kusaidiwa ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwaka, huleta ya kwanza tu, tena kwa hofu. Wameona kwenye kisanduku cha 1 pameandikwa, tuseme, dola 19,000, wakadhani zote zitatozwa kodi. Sivyo. Sehemu uliyoiweka mwenyewe, ambayo iko kisanduku cha 3, ilishakatwa kodi ulipoipata. Kinachoweza kutozwa ni faida iliyo kisanduku cha 2, nayo pale tu fedha zilizotolewa zinapozidi gharama za masomo zinazokubalika. Zikilingana na gharama, au zikiwa pungufu, huandiki chochote kwenye fomu 1040, ambayo ndiyo fomu kuu ya ritani. Unatunza risiti, basi.

Fomu ya pili mara nyingi haiji kwa posta. Imekaa kwenye akaunti ya mwanafunzi kwenye tovuti ya chuo, na kijana hana habari nayo. Mwombe aipakue kabla hujaenda kujaziwa ritani, na achukue pia taarifa ya malipo ya muhula. Fomu yenyewe haionyeshi vitabu wala chakula.

Gharama zinazokubalika kwa 529 ni ada, vitabu, vifaa vya masomo, kompyuta na intaneti ya mwanafunzi. Malazi na chakula navyo vinaingia, mradi anasoma angalau nusu ya mzigo kamili wa masomo. Akipanga chumba nje ya chuo, kodi ya nyumba na chakula vinahesabiwa, ila visizidi makadirio ambayo chuo chenyewe kimeyatangaza. Nauli haimo. Tiketi ya kwenda Mombasa kuwasalimia bibi na babu haimo, wala gari, wala bima ya afya.

Sasa tuingie kwenye jambo linalowapotezea watu fedha nyingi kuliko yote. Kuna nafuu ya kodi ya shirikisho iitwayo American Opportunity, inayodaiwa kwa fomu 8863. Inafika dola 2,500 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, kwa miaka minne ya mwanzo ya chuo, na hadi dola 1,000 kati ya hizo unaweza kurudishiwa hata kama hudaiwi kodi. Ili uipate yote unahitaji dola 4,000 za ada na vitabu. Malazi hayahesabiwi hapa. Nafuu ni kamili kwa kipato cha hadi dola 80,000 kwa anayejaza peke yake, au 160,000 kwa wanandoa wanaojaza pamoja. Hupungua kidogo kidogo na kuisha kwenye 90,000 na 180,000. Wanandoa wanaojaza kila mmoja kivyake hawaipati.

Sheria haikubali gharama ileile itumike kuhalalisha fedha za 529 na papo hapo kudaia nafuu hii. Mzazi anayelipa kila senti ya chuo kutoka 529 huwa anajifungia mlango wa dola 2,500 bila kujua.

Tuchukue mfano. Ada ni dola 11,000, malazi na chakula 9,000, vitabu 800, kompyuta 1,200. Jumla ni 22,000. Toa ufadhili wa 3,000, zinabaki 19,000, na mzazi ametoa 19,000 kamili kutoka 529. Hakuna kodi, lakini nafuu nayo hakuna. Akitenga 4,000 za ada kwa ajili ya nafuu, gharama za 529 zinabaki 15,000, na zilizotolewa zimezidi kwa 4,000. Kama faida kwenye kisanduku cha 2 ilikuwa 5,700, sehemu inayotozwa ni 5,700 mara 4,000 gawa kwa 19,000, yaani dola 1,200. Faida iliyotozwa kodi kwa kawaida huongezewa asilimia 10, lakini ziada iliyotokana na nafuu hii au na ufadhili imesamehewa nyongeza hiyo. Msamaha unaonyeshwa kwenye fomu 5329. Kwa hiyo kipato kimeongezeka kwa 1,200 tu, na mkononi kuna nafuu ya 2,500. Mwakani, afadhali zile 4,000 alipe kwa fedha za mfukoni tangu mwanzo.

Kipato hicho cha 1,200 ni cha nani? Ni cha yule ambaye namba yake ya kodi iko kwenye 1099-Q. Fedha zikienda moja kwa moja chuoni au kwa mwanafunzi, fomu hutoka kwa jina la mwanafunzi, ambaye kwa kawaida kodi yake ni ndogo na mara nyingine hana kabisa. Zikipitia kwenye akaunti yako ya benki, kipato ni chako. Nafuu, kwa upande wake, hudaiwa na anayemweka mwanafunzi kama mtegemezi kwenye ritani, hata kama ada alilipa shangazi.

Angalieni sana Desemba. Bili ya muhula wa Januari ikilipwa Desemba inahesabiwa mwaka wa Desemba. Ukiilipa kwa kadi halafu ukatoa fedha za 529 Januari, malipo yako mwaka mmoja na fedha ziko mwaka mwingine, na ubishi na IRS unaanzia hapo. Toa na ulipe ndani ya mwaka mmoja wa kalenda. Mwanafunzi akiacha somo na chuo kikarudisha ada, una siku 60 za kuirudisha kwenye 529.

Kama mtoto anasoma Nairobi, Dar es Salaam au kwingine nje ya Marekani, thibitisha kwanza kama chuo kina namba ya shule ya shirikisho, ileile inayotumika kwenye FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali wa kulipia chuo. Bila namba hiyo, faida itatozwa kodi pamoja na asilimia 10. Majimbo nayo yana mambo yake: Texas haitozi kodi ya mapato, California inaongeza asilimia 2.5 yake juu ya faida iliyotumika vibaya, na mengine hudai tena punguzo la kodi yaliyokupa ulipoweka fedha.

Ikija barua ya IRS iitwayo CP2000 ikidai kodi juu ya 1099-Q, usikimbilie kulipa. Mara nyingi IRS imeona fedha zilizotolewa bila kuona gharama. Jibu kabla ya tarehe iliyoandikwa, ukiambatisha taarifa ya malipo ya chuo, mkataba wa pango, risiti za vitabu na hesabu yako kwenye karatasi moja.