Gari lilikimbia bila kutoka studio: kwa nini Z-Cars ilionekana kweli?

Jioni ya tarehe 2 Januari 1962, BBC ilionyesha kwa mara ya kwanza tamthilia ya polisi iitwayo Z-Cars. Haikupita muda, mkuu wa polisi wa kaunti ya Lancashire, Eric St Johnston, akafunga safari hadi London kuitaka BBC iikatishe. Hakuna siri ya jeshi la polisi iliyokuwa imefichuliwa. Kilichomuudhi ni mambo ya nyumbani: konstebo mmoja, Bob Steele, alionyeshwa akiwa na mkewe, jicho la mke limevilia damu kwa kipigo cha mume, na ukutani pana doa la chakula alichorushiwa mume. BBC haikuikatisha. Ilichofanya ni kuyaondoa maneno ya kuwashukuru polisi wa Lancashire kwa ushirikiano wao.

Tamthilia yenyewe ilichezwa ndani ya studio, kwa picha isiyo na rangi wala ukali, iliyochorwa kwa mistari 405 tu kwenye skrini, na magari yake mara nyingi hayakusogea hata hatua moja. Iliwezaje basi kuonekana kweli kiasi cha kumuudhi mkuu wa polisi?

Tuanze na sikio, kwa sababu ndipo Z-Cars ilipozaliwa. Mwandishi wake, Troy Kennedy Martin, alikuwa kitandani anaugua matubwitubwi. Katika kuchezea redio yake akanasa mawimbi ya polisi, akawa anasikiliza askari wakitumwa huku na kule. Alichokisikia hakikufanana na polisi wa televisheni wa siku hizo. Tangu 1955 BBC ilikuwa na Dixon of Dock Green, ambapo konstebo mzee mwenye huruma, akiigizwa na Jack Warner, aliwasalimu watazamaji mwanzoni kisha mambo yakaishia pema. Redioni kulikuwa na kitu kingine: sauti zilizochoka, maagizo ya haraka, ugomvi wa mtaani, taarifa nusunusu. Askari alifika mahali bila kujua anakwenda kukuta nini.

Kennedy Martin akaupeleka mkasa kaskazini mwa Uingereza. Mji wa kubuni wa Newtown ulichukua sura ya Kirkby, mji uliojengwa karibu na Liverpool baada ya vita kuwahamishia watu waliotolewa kwenye nyumba mbovu za jiji. Nyumba zilikuwa mpya, lakini majirani hawakujuana, maduka na sehemu za starehe zilikuwa chache, na vijana walikuwa wengi. Polisi wa kutembea kwa miguu hakuweza kuumudu mji uliotawanyika namna hiyo, na Lancashire yenyewe ilikuwa imeingia kwenye doria za magari. Ndiyo hali iliyoipa tamthilia umbo lake: makachero wawili, Barlow na Watt, wanateua askari wanne na kuwagawa kwenye magari mawili, Z-Victor 1 na Z-Victor 2.

Hapo kuna kosa linalorudiwa sana. Watu husema Z ni ya Ford Zephyr, gari walilopanda. Sivyo. Polisi wa Lancashire walizipa kanda zao herufi, A, B na kuendelea, na herufi hizo ndizo zilizotumika kuyaita magari redioni. Watunzi walichagua Z kwa sababu kanda hiyo haikuwapo.

Sasa tuingie studio, maana nusu nyingine ya jibu iko humo. Z-Cars ya miaka ya mwanzo ilikwenda hewani mubashara. Dakika 50, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, waigizaji wakicheza wakati huohuo watazamaji wakiona. Picha zilizokatwa kutoka kamera moja hadi nyingine ziliweza kufika 250 katika sehemu moja. Gawanya mwenyewe: sekunde 3,000 kwa picha 250 ni sekunde 12 kwa kila picha. Kwa tamthilia ya mubashara huo ulikuwa mwendo wa kasi sana, na mwongozaji John McGrath aliutaka hivyo kwa makusudi.

Kasi hiyo ilikuwa na gharama. Kamera za studio za wakati huo kwa kawaida hazikuwa na lenzi ya kuvuta picha kama tuliyoizoea. Mbele yake palikuwa na sahani yenye lenzi nne, na mpiga picha aliizungusha kupata ile anayoitaka. Akiizungusha wakati kamera yake iko hewani, mtazamaji anaona picha imepinduka. Kwa hiyo kila badiliko la lenzi lilipaswa kufanyika wakati picha ya kamera nyingine ndiyo inayoonekana, na mwanya wa kufanya hivyo ulikuwa sekunde chache. Kila kamera iliburuta waya mnene sakafuni, na kamera mbili zikipishana vibaya, nyaya zinasukana na moja inashindwa kufika inakotakiwa. Mpiga picha alifanya kazi na kadi iliyobandikwa kwenye kamera yake, imeandikwa namba za picha zake tu, pamoja na seti, yaani mandhari iliyojengwa studio: namba 31, seti ya kituo, uso wa sajini, namba 36, seti ya jikoni, watu wawili.

Shida kubwa kuliko zote ilikuwa miguu ya waigizaji. Mwigizaji aliyemaliza tukio kwenye seti ya kituo hawezi kuonekana jikoni kwa mtu sekunde moja baadaye, kwani lazima atembee hadi huko, kimyakimya, akiruka nyaya, pengine akivaa koti njiani. Mwandishi alilazimika kumtengenezea muda: mazungumzo ya simu ya watu wengine, tukio dogo kaunta, au kipande cha filamu kilichopigwa nje siku za nyuma. Kipande hicho nacho kilihitaji kuamriwa mapema, kwa kuwa mashine ya kurushia filamu haikushika kasi papo hapo. Mwongozaji aliita sekunde kadhaa kabla, huku waigizaji wakiendelea kusema, na filamu ikaanza kuhesabu. Mwigizaji akisema polepole, filamu inaingia juu ya maneno yake. Akiharakisha, anabaki ametoa macho bila la kusema. Kwa mwendo wa picha 25 kwa sekunde, dakika moja ya filamu ya milimita 35 ni kama mita 28 na nusu za ukanda, na ikishaanza kukimbia hairudishwi.

Hapa ndipo ninapoona ufundi wa kweli wa Z-Cars. Magari mawili na chumba cha redio ni sehemu tatu ambazo watu wamekaa. Kamera inaweza kuruka kutoka gari la kwanza hadi kwa mtu wa redio, hadi gari la pili, bila mtu kuinuka. Redio ya upepo iliunganisha seti zilizokuwa mita chache tu kutoka moja hadi nyingine, lakini kwa mtazamaji mji mzima ukawa umetandazwa katikati yake. Hivyo njia iliyookoa utangazaji wa mubashara ndiyo hiyohiyo polisi halisi walivyofanya kazi. Tena watu wanne waliofungiwa kwenye magari wana muda wa kuongea: chakula, mke, mpira, uchovu. Sehemu kubwa ya doria ni kungoja, na tamthilia zilizotangulia ziliuruka muda huo wa kungoja.

Gari lenyewe liliendeshwaje? Nyuma yake palikuwa na skrini nyembamba inayopitisha mwanga, na projekta iliyokaa upande wa pili wa skrini ilirusha filamu ya barabara iliyopigwa kabla. Kamera ilikaa mbele, ikiwatazama dereva na mwenzake. Mtu alilitikisa gari taratibu, na taa zilipitishwa juu ya nyuso kana kwamba ni nguzo za barabarani.

Mbinu hiyo huharibika kwa njia nyingi. Mwanga wa studio ukimwagika kwenye skrini, barabara inafifia kama imeoshwa kwa maziwa. Mwanga ukipunguzwa mno, nyuso zinazama. Katikati ya skrini huelekea kung'aa kuliko pembeni. Projekta na kamera zisipokwenda sawasawa, barabara inapepesa. Na kosa la kibinadamu: dereva anakata usukani kushoto wakati mtaa wa nyuma yake unapinda kulia. Ukitazama sehemu zilizobaki kwa makini utaiona mishono hii. Watazamaji wa 1962 hawakuijali sana, kwani walikuwa wanasikiliza kile ambacho watu wawili mle garini wanaambiana, kwa lafudhi za kaskazini, za Uskoti na za Ireland ambazo polisi wa televisheni hawakuwa nazo. James Ellis, aliyeigiza Lynch, alitoka Belfast, na Joseph Brady, aliyeigiza Weir, alikuwa Mskoti. Brian Blessed, Fancy Smith wa tamthilia hii, alikuwa mtoto wa mchimba makaa wa Yorkshire.

Chumba cha mahojiano kinastahili neno lake. Barlow, akiigizwa na Stratford Johns, alibana watuhumiwa, akawafokea, akawazunguka. Leo linaonekana ni jambo la kutia chumvi. Lakini mwaka 1962 mahojiano ya polisi Uingereza hayakurekodiwa kwa kanda. Yaliongozwa na kanuni zilizotungwa na majaji, ambazo mizizi yake ilikuwa 1912 na hazikuwa sheria ya Bunge. Maelezo yaliandikwa kwa mkono, mtuhumiwa akasaini, basi. Sheria iliyofungua njia ya kanda na kumweka ofisa maalumu wa kusimamia mahabusu ilipitishwa 1984 na kuanza kutumika 1986. Kwa hiyo anayemlinganisha Barlow na tamthilia za baadaye anapima vitu viwili tofauti.

Mahali uhalisia ulipokwama ni kwenye miisho. Kennedy Martin alitaka wahalifu washinde mara nyingine, kama wanavyoshinda mitaani, na polisi watumike kama mlango wa kuingilia maisha ya watu. Kadiri askari walivyopendwa, na watazamaji walifika karibu milioni 14 ndani ya miezi ya mwanzo, ndivyo mlango ulivyogeuka kuwa nyumba yenyewe. Aliondoka mapema, mwaka huohuo wa 1962. Mwaka 1964 akaandika makala kali katika jarida la Encore akishambulia aina hiyohiyo ya uigizaji wa kuiga maisha, yaani kamera inayongoja watu wawili wamalize kuzungumza. Alirudi 1978 kuandika sehemu ya mwisho, na McGrath akaiongoza.

Inafaa pia kukumbuka majira. Mwaka 1960 serikali ilikuwa imeunda tume ya kuchunguza polisi na uhusiano wao na raia, na ripoti yake ya mwisho ikatoka Mei 1962, wakati Z-Cars iko hewani. Mkuu wa polisi aliyelinda sura ya askari wake hakuwa analinda jambo dogo.

Muziki wa Z-Cars nao ulichukuliwa palepale kaskazini. Ni Johnny Todd, wimbo wa zamani wa Liverpool kuhusu baharia anayesafiri na kumwacha mpenzi wake, akachukuliwa na mwingine. Fritz Spiegl na Bridget Fry waliupanga upya kwa filimbi na ngoma. Wapenzi wa soka wanaujua bila kujua, kwa sababu Everton huingia uwanjani nao. Ndiyo Everton iliyocheza na Gor Mahia Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, Julai 2017.

Anayetaka kuitazama leo atakutana na pengo. Kanda za video zilikuwa ghali na zilifutwa zitumike tena, na nyingi ya sehemu za Z-Cars zimepotea. Zile za mubashara zilizobaki zilihifadhiwa kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye skrini ya televisheni wakati kipindi kinakwenda, ndiyo maana picha ina ukungu kiasi na weupe umesambaa. Usiyalaumu macho yako kwa ukungu huo. Tega sikio wakati wa matukio ya ndani ya gari. Wakati mwingine nyayo za mtu anayekimbilia seti inayofuata husikika kwa mbali.