Je, wajua kwa nini Kanisa Katoliki huchelewa kuamini maono?

Kila inapokaribia Juni 3, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, mahujaji wa Tanzania, Kenya na Kongo humiminika Namugongo, Uganda, na Kiswahili husikika kila kona. Pamoja nao huja habari za maono: Mama Maria kamtokea fulani, tarehe fulani dunia itaingia giza, sambaza ujumbe huu kabla hujalala. Ukimpelekea paroko, mara nyingi atakuambia usubiri. Wengi humwona ana imani haba.

Mafundisho yenyewe yako wazi kuliko tunavyodhani. Katekisimu ya Kanisa, namba 67, inasema ufunuo binafsi, yaani maono kama haya, hata ule uliotambuliwa na Kanisa, si sehemu ya amana ya imani, yaani mafundisho ambayo Mkatoliki analazimika kuyaamini. Hauwezi kuongeza kitu juu ya Ufunuo wa Kristo. Unaweza tu kutusaidia kuuishi katika zama fulani. Kwa hiyo Mkatoliki asiyeshawishika kwamba Bikira Maria alitokea Lourdes, Ufaransa, mwaka 1858 au Fatima, Ureno, mwaka 1917 bado ni Mkatoliki kamili, hata kama mapapa huenda kusali huko. Jambo hili ni nadra kulisikia mimbarini.

Uganda ina sababu yake ya tahadhari, nayo ni mkasa wa Kanungu, kusini magharibi mwa nchi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Credonia Mwerinde, aliyewahi kuuza pombe, alidai kwamba Bikira Maria anamtokea. Joseph Kibwetere, Mkatoliki mwenye heshima zake, akamwamini na kumkaribisha kwake. Padre msomi, Dominic Kataribabo, naye akajiunga. Kila amri mpya ilishuka kama ujumbe wa mbinguni, sasa nani angeihoji? Waumini waliuza mali na kukabidhi fedha. Walikatazwa kuongea, wakawa wanaelewana kwa ishara za mikono. Askofu wa Mbarara aliwasimamisha mapadre waliohusika, lakini kundi likaendelea kivyake. Tarehe waliyotabiri ya mwisho wa dunia ilisogezwa hadi mwisho wa mwaka 1999. Siku ikapita, na wapo walioanza kudai mali zao. Ijumaa ya Machi 17, 2000, jengo lao la sala liliteketea huku milango na madirisha yakiwa yamepigiliwa misumari. Mamia walikufa humo, watoto wakiwemo. Baadaye polisi wakafukua maiti nyingine katika nyumba za kundi hilo, za watu waliouawa kabla ya moto ule.

Hebu sasa vuka mpaka hadi Kibeho, Rwanda. Novemba 28, 1981, mwanafunzi Alphonsine Mumureke alisema amemwona Bikira Maria. Wenzake walimcheka. Askofu aliunda tume mbili, moja ya madaktari na nyingine ya wanateolojia, na wasichana wakapimwa wakiwa katikati ya maono. Waliodai kuona wakawa wengi, lakini Juni 29, 2001, Askofu Augustin Misago aliwatambua watatu tu wa mwanzo. Karibu miaka 20 ilikuwa imepita, na katikati yake mauaji ya kimbari, ambayo wengi huamini wasichana hao waliyaona mapema katika njozi ya mito ya damu.

Tume hizi huangalia nini? Akili timamu na uaminifu wa anayedai, ujumbe usiopingana na imani, na matunda yake kwa watu. Kisha kuna maswali yanayouma: fedha zinakwenda wapi, na je, mwonaji anamtii askofu? Binafsi naona hayo mawili yangetosha kuwashtua watu wa Kanungu mapema.

Mei 2024 Vatican ilitoa kanuni mpya zenye majibu sita, kuanzia kutokuwepo kizuizi hadi kukanusha kabisa. Kwa kawaida askofu hatatangaza tena kwamba tukio limetoka mbinguni. Medjugorje, huko Bosnia na Herzegovina, ambako madai ya maono yalianza mwaka uleule wa 1981, ilipewa jibu la kutokuwepo kizuizi Septemba 2024: mahujaji ruksa kwenda kusali, ila kama Bikira Maria alitokea kweli, Kanisa halijasema.