Kampuni yako ina thamani gani? Piga hesabu kabla mnunuzi hajabisha hodi

Mmiliki wa kiwanda cha kusaga unga ukimuuliza mauzo ya mwezi uliopita, atakutajia papo hapo. Ukimuuliza kampuni yenyewe ingeuzwa kwa shilingi ngapi, mara nyingi atataja mtaji ulioandikwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni Tanzania, siku ya usajili, au atajumlisha bei ya mashine na kiwanja. Mtaji ulioandikwa unaonyesha tu jinsi hisa zilivyogawanywa mwanzoni. Anayenunua kampuni inayofanya kazi hununua fedha atakayoipata miaka ijayo, na hapo ndipo hesabu inapoanzia.

Chukua kampuni ya mfano ambayo vitabu vyake vinaonyesha faida ya shilingi milioni 96 kwa mwaka, kabla ya riba, kodi na uchakavu. Faida hiyo lazima isafishwe kwanza. Mmiliki anaisimamia mwenyewe bila mshahara. Meneja wa kuajiriwa angelipwa milioni 2.5 kwa mwezi, basi toa milioni 30. Kiwanda kimo kwenye jengo lake binafsi bila kodi ya pango, ambalo lingepangishwa kwa milioni 1 kwa mwezi: toa 12. Mwaka huo liliuzwa lori la zamani kwa faida ya milioni 8, jambo lisilojirudia: toa 8. Kwa upande mwingine, kampuni ililipa ada za shule za watoto milioni 10, gharama isiyo ya biashara: rudisha 10. Inabaki milioni 56.

Tuseme wanunuzi wa biashara ya aina hiyo wako tayari kulipa mara 3 hadi 4 ya faida hiyo. Tunapata milioni 168 hadi 224. Toa mkopo wa benki milioni 60, ongeza fedha iliyoko benki milioni 12: wenye hisa wanabaki na milioni 120 hadi 176. Mmiliki aliyezidisha 96 kwa 4 alikuwa akiota 384, na kwa bei hiyo mazungumzo huvunjika siku ya kwanza.

Kizidisho hicho, yaani ile mara 3 hadi 4, hupanda au kushuka kulingana na hatari anayoiona mnunuzi. Mteja mmoja akibeba asilimia 60 ya mauzo, kinashuka. Kiwanja kikiwa kwa jina la mmiliki, si la kampuni, hakiuzwi pamoja nayo. Madeni ya wateja yaliyopita siku 90 hukatwa thamani. Na mauzo yanayopokelewa kwenye simu binafsi ya mwenye biashara huwa hayapo kabisa machoni pa mnunuzi, kwa sababu hayaonekani kwenye akaunti ya kampuni wala kwenye ritani za kodi zinazopelekwa TRA, Mamlaka ya Mapato. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa hupotea mara 3 au 4 ya kila shilingi ya faida isiyoandikwa.

Hata asiyefikiria kuuza anaihitaji hesabu hii. Mbia akitaka kujitoa, au akifariki na warithi wakadai hisa zake, ugomvi mkubwa huwa ni bei. Unazuilika: mkataba wa wanahisa utaje njia ya kukokotoa bei wakati wabia bado wanaelewana. Anayekaribisha mwekezaji naye akumbuke kwamba umiliki ukibadilika kwa zaidi ya asilimia 50 ukilinganishwa na ulivyokuwa wakati wowote ndani ya miaka 3 iliyotangulia, Sheria ya Kodi ya Mapato inaweza kuihesabu kampuni kana kwamba imeuza mali zake, na kodi ikadaiwa. Mshauri wa kodi aonwe kabla ya kusaini.

Anza na hesabu za miaka 3 zilizokaguliwa na mkaguzi aliyesajiliwa NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Kiwanja na majengo vipimwe na mthamini aliyesajiliwa. Hiyo ni fani nyingine, na ripoti yake haitoi thamani ya kampuni nzima. Rudia zoezi kila mwaka hesabu zinapofungwa, na nakala ikae mahali ambapo mbia au msimamizi wa mirathi ataipata.