Dar Kutoka Majini: Yanayosemwa Kwenye Pantoni na Yaliyo Kweli

Ukitaka kusikia watu wakilisifia jiji la Dar es Salaam, usiende Posta. Huko kila mtu ana haraka zake na hakuna anayeinua macho. Panda pantoni, kivuko cha hapa, upande wa Kigamboni, egemea chuma cha ubavuni, tega sikio. Maghorofa yakishajipanga ng'ambo, kila abiria anakuwa mhandisi, mpiga picha na mwanahistoria kwa mpigo. Mengi yanayosemwa pale ni matamu kuyasikia. Ukweli wake ni habari nyingine.

"Yale ndiyo maghorofa marefu kuliko yote Afrika Mashariki."

Anayesema hivi hajatunga tu, ila habari yake imechacha. Minara pacha ya PSPF, uliokuwa mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kando ya barabara ya Sokoine, ina mita 153. Jengo la Mamlaka ya Bandari, si mbali na hapo, lina mita 157. Yalipopanda yaliipita Times Tower ya Nairobi, iliyokamilika mwaka 2000 ikiwa na mita 140, na sisi tukatamba. Nairobi haikukaa kimya. Ikasimamisha UAP Old Mutual Tower ya mita 163, kisha Britam Tower ya mita 200, iliyokamilika mwaka 2017. Kwa hiyo ukisema ni marefu kuliko yote Tanzania, hapo sina ugomvi na wewe.

Kinachotudanganya ni mahali yalipo. Yamesimama karibu na maji, na mbele yake hakuna kitu cha kuyapunguza hadhi. Jicho halina futi kamba, hupima kwa pembe tu: jengo la mita 40 lililo mita 200 kutoka ulipo linajaza jicho sawasawa na la mita 160 lililo mita 800. Litazame hilo pantoni ikikaribia Magogoni, kituo cha upande wa mjini. Paa la kituo na miti ya ufukweni vinaanza kukua mbele yako, na minara uliyokuwa ukiishangaa dakika tano nyuma inajificha nyuma ya mwembe.

"Picha nzuri ni ya machweo."

Inategemea unataka picha ya nini. Kutoka upande wa Kigamboni, mjini ni magharibi, kidogo kuelekea kaskazini. Maana yake jioni jua linakuwa nyuma ya maghorofa na uso unaouona wewe uko kivulini. Utapata anga la dhahabu na majengo meusi kama yamekatwa kwa mkasi kwenye karatasi. Ni picha nzuri, lakini vioo, rangi za kuta na vigae vya makanisa havimo.

Wa kuvuna mwanga ni mtu wa asubuhi. Jua linachomoza upande wa bahari, linalipiga jiji usoni, na vioo vinawaka. Bahati mbaya huo ndio muda ambao pantoni imejaa watu wa kazini hadi pumzi ni ya kuazima.

Halafu machweo yenyewe hayako mahali pamoja mwaka mzima. Juni jua linazama karibu kabisa nyuma ya maghorofa ya katikati ya mji. Desemba limesogea kusini, linazamia upande wa bandari na Kurasini, na ukilisubiri nyuma ya minara utasubiri sana. Mimi ningekushauri ubaki hata baada ya jua kuzama. Kuna muda mfupi ambao anga limekuwa la buluu nzito na taa za ofisini zimeshawashwa, vyote viwili vikiwa na nguvu sawa. Huku karibu na ikweta giza halibembelezi: dakika kama ishirini tu na muda huo umekwisha.

"Simu yangu mbovu, inalifanya jiji dogo."

Simu yako nzima. Lenzi yake ya kawaida ni pana, inakumba anga na maji mengi, kwa hiyo maghorofa yanabaki ukanda mwembamba katikati. Wengine hudhani lenzi ya kuvuta ndiyo inayoyabananisha majengo yaonekane yamerundikana. Hapana, ni umbali. Ukiwa mbali, tofauti kati ya jengo la mbele na la nyuma inapungua machoni, na lenzi inakata tu kipande cha kile ambacho umbali umeshakifanya. Ila kabla ya kuinua simu, kumbuka kwamba Ikulu ya Magogoni na bandari viko palepale. Askari akikukataza, mwitikie na uiweke mfukoni.

"Mji huu walijenga Wajerumani."

Wajerumani waliukuta umeshaanza. Katika miaka ya 1860, Sultani Majid bin Said wa Zanzibar aliichagua bandari hii karibu na kijiji cha Mzizima, akaanza kujenga. Alifariki mwaka 1870, ndugu yake Barghash hakuwa na hamu na mji huo, na kazi ikalala. Wajerumani walifika mwaka 1887, na mwaka 1891 wakahamishia hapa makao yao makuu kutoka Bagamoyo.

Kutoka majini unaweza kuzisoma zama hizo, kama unajua pa kutazama. Ukishuka kwenye boti ya Unguja, ng'ambo ya barabara kuna Boma la Kale, jengo la mawe ya matumbawe la enzi za Majid. Kanisa la Mtakatifu Joseph lilijengwa kati ya mwaka 1897 na 1902. Jirani yake, kanisa la Kilutheri la Azania Front lenye vigae vyekundu, lilianza kujengwa mwaka 1898. Kwa miaka mingi mnara wa kanisa ndio uliomwambia baharia kwamba amefika. Leo unatafutwa kwa macho katikati ya vioo.

"Ukiwa Unguja, siku ya anga safi, unayaona maghorofa ya Dar."

Hesabu inakataa. Dunia imepinda. Mtu aliye kwenye sitaha, macho yake yakiwa mita sita juu ya maji, upeo wake ni kama kilomita tisa. Kilele cha jengo la mita 157 nacho kinachungulia hadi kilomita 45 hivi. Jumlisha, upate 54, labda 58 ukihesabu hewa inavyoupinda mwanga kidogo. Kutoka Dar hadi Mji Mkongwe ni kama kilomita 70. Kinachoweza kuonekana usiku ni mwanga wa jiji juu mawinguni, si majengo.

Hilo unaweza kulihakikisha kwenye boti. Kaa nyuma, utazame jiji linavyoondoka: gati na miti vinazama kwanza, kisha ghorofa za chini, mwisho vilele. Siku nyingi mvuke wa bahari unayameza yote kabla hesabu haijatimia. Na zile taa nyekundu za juu kabisa, kwa wanaouliza, ni kwa ajili ya ndege. Meli zina taa zake, kama mnara wa Makatumbe nje ya lango la bandari.

"Mandhari haya ni ya wenye boti zao."

Kwa miaka mingi nauli ya mtembea kwa miguu kwenye pantoni ilikuwa shilingi 200. Ilipopandishwa kutoka 100 mwaka 2012 palizuka makelele, na waziri wa ujenzi wa wakati ule, John Magufuli, akawaambia wasiotaka kulipa wapige mbizi. Mwaka 2016, akiwa rais, alifungua Daraja la Nyerere lenye mita 680 pale Kurasini. Wenye magari wengi wakahamia huko. Daraja liko ndani zaidi ya mkondo, na ukiwa kwenye daladala iliyojaa utaona bega la jirani yako. Pantoni bado inakugeuza taratibu katikati ya maji, minara ya PSPF ikipishana na paa la Azania Front, hadi mlango wa chuma ushushwe na watu waanze kukusukuma.