Unakuja kujitolea kijijini nchi ya jirani? Kwanza uliza taulo zitaanikwa wapi

Kila ikikaribia mwezi wa sita simu yangu inajaa meseji za vijana, wa Nairobi, wa Kampala, wengine watoto wa Kitanzania waliokulia Uingereza na Marekani, wanataka kuja huku Tanzania, kanda ya ziwa, kujitolea kufundisha afya ya vijana vijijini. Nafurahi kwakweli. Mimi ni afisa elimu ya afya, kazi yangu kwenye taasisi yetu ni kuwapokea na kuwafikisha kijijini, na naandika hapa kwa sababu maswali yao ni yale yale na makosa ni yale yale, na kosa likishatokea anayebaki nalo ni binti wa darasa la saba, mgeni ameshaondoka.

Nianze na taulo za kike. Kuna kundi moja lilikuja na taulo za kitambaa, zile za kufua, nzuri kabisa na vifungo vyake, wakagawa siku moja kwenye shule ya msingi wakaondoka. Baada ya miezi kama 3 hivi nikaambiwa zahanati wanapokea mabinti wenye muwasho, wengi tu, na wote wa shule ile. Nikaenda mimi na nesi tukakaa nao chini ya mwembe, tukapiga stori za kila kitu, za mtihani, za mpira, mpaka mmoja akasema kwa sauti ndogo anaangalia chini: "Tunaanika chini ya godoro." Yani kamba ya nguo iko uani, baba anapita, kaka zake wanapita, na mama mwenyewe ndo aliyemfundisha kwamba kitu cha hedhi hakionwi na mtu. Kwa hiyo taulo haikauki, inavaliwa mbichi, na kiangazi kikikaza ile ndoo moja ya maji inagombewa na kupikia kwahiyo hata kufua kwenyewe ni kwa shida. Dawa ya hilo ilitoka kwa bibi mmoja wa pale pale: anika juani kwenye kamba, halafu tandaza khanga nyepesi juu yake, jua linapita, upepo unapita, ila anayepita anaona khanga tu. Bibi yule nyumba yake iko hatua chache toka shuleni. Hakuna aliyemuuliza kabla.

Ndo maana siku hizi kijana akinitumia ratiba ya mafunzo yenye mada 12 kwa wiki 2 namrudishia. Wiki ya kwanza usifundishe. Amka asubuhi salimia watu "mwangaluka" hata kama Kisukuma chako kinaishia hapo, nenda na mtendaji wa kijiji, jitambulishe kwa mwenyekiti wa kitongoji, kaa na mwalimu mlezi, nenda kisimani ukaone foleni.

Na lugha msiichukulie poa kisa wote tunaongea Kiswahili. Dada mmoja kutoka Kenya alisimama darasani akaongea nusu saa nzima kuhusu sodo, watoto wametulia kimya, akadhani wamezama kwenye somo, kumbe hawajui sodo ni nini maana huku ni pedi au taulo za kike. Alipoambiwa akarudia somo lote kesho yake, na nilimheshimu sana kwa hilo. Uliza pia maneno ya siri ya hapo, watoto wanaitaje sehemu za mwili wakiwa wenyewe, wanaitaje mimba, wanaitaje kinga, ili ukisikia usipitwe.

Halafu ugonjwa wa mahali. Vijana wengi wanakuja na somo la VVU na mimba za utotoni, sawa, ni muhimu, utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walishawahi kupata ujauzito. Lakini huku kwenye majaruba ya mpunga na malambo kuna kichocho, na hakimo kwenye vitabu wanavyobeba. Mdudu wake anatoka kwa konokono wa kwenye maji, anaingia kwenye ngozi ukiwa unaoga, unapanda mpunga au unachota maji. Kijana wa kiume akikojoa damu anaweza asishtuke kabisa kwa sababu wenzake wote wanakojoa damu, anaona ndo ukubwa. Kwa binti ni kubaya zaidi, mayai ya yule mdudu yanakwama mpaka kwenye mlango wa kizazi, anapata uchafu, damu, maumivu, akienda kutibiwa anaambiwa ni gonjwa la zinaa, nyumbani anapigwa kwamba ameanza wanaume. Kumbe kosa lake ni kusaidia kupanda mpunga. Shirika la Afya Duniani linakadiria wanawake na wasichana milioni 56 Afrika kusini mwa Sahara wana hali hii. Dawa ipo, prazikwanteli, shuleni watoto wanapimwa urefu kwa fimbo ili kujua vidonge vingapi. Mgeni akilijua hili tu na akaliongea mbele ya wazazi, tayari kuna binti hatapigwa.

Kitu kinachofanya kazi kuliko hotuba yoyote ni boksi la maswali. Boksi la viatu, toboa juu, kila mtoto anapewa kikaratasi na KILA mtoto lazima aandike, asiye na swali aandike "sina swali," maana wakiandika wachache tu wanajulikana na kesho wanachekwa. Utakuta "eti ukirukaruka baada ya tendo hupati mimba?", utakuta "chanjo ya saratani inatufanya tuwe wagumba?" (haifanyi hivyo, ni ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, huku kwetu sasa ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14), utakuta pia lile ambalo hutakiwi kulisoma kwa sauti, la mtoto anayeandika kuhusu mjomba. Hilo usilibebe peke yako wala usilipeleke kwenye grupu la watsap la wenzako, linaenda kwa mwalimu mlezi na ustawi wa jamii siku hiyo hiyo.

Usichome mtu sindano. Najua wengine mnasomea udaktari au unesi kwenu, na najua zahanati itakuwa na nesi mmoja amechoka na atakukaribisha, lakini bila kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika au Baraza la Uuguzi na Ukunga huruhusiwi kutibu. Na vibali, raia wa Kenya au Uganda halipi viza kuingia ila kujitolea kuna kibali chake cha ukaazi, daraja C, usije kama mtalii halafu ukaanza kufundisha shuleni.

Mtu wako mkubwa kijijini ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwa nao 137,294 nchi nzima, wawili kila kitongoji. Kila somo simama naye mbele, wiki ya mwisho asimame yeye wewe ukae kwenye dawati, boksi umwachie, maana hedhi za mwezi ujao na maswali ya mwezi ujao yatamkuta yeye.

La mwisho ni mwili wako. Uliyekulia Nairobi au Manchester huna kinga ya malaria kama mtoto wa huku, anza dawa za kujikinga kabla hujasafiri na lala ndani ya chandarua hata kama joto, na kwa ajili ya kile kichocho ziwani usioge. Na cheti cha homa ya manjano kinaanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo ukichanjwa jana na basi ni kesho mpakani kinahesabika bado hakijaanza kazi.